Fundi Mwenye Chombo Kwenye Magogo

Kwetu Kapalamsenga, fundi mwenye chombo kwenye magogo, mtumbwi ambao bado anaujenga, hapewi habari ya msiba. Akifiwa na mama yake, watu watalia upande wa pili wa kijiji, watazika, watakula na kutawanyika, na yeye ataendelea kupiga nyundo ufukweni bila kujua. Siku atakapokisukuma chombo chake kikashika maji, ikaonekana hakivuji, ndipo wazee watamkalisha kwenye mchanga na kumwambia. Nimewauliza watu wa vijiji vingine vya kando ya Ziwa Tanganyika kama na wao wana desturi hiyo, wakanicheka. Huenda ni ya ukoo wetu tu, ukoo wa mafundi wa mitumbwi ya mbao. Mimi nimelelewa nayo, na sijawahi kuipenda.

Baba alikuwa akiieleza hivi. Kati ya ubao na ubao wa mtumbwi fundi hushindilia pamba iliyolowekwa mawese, anaigonga kwa tindo kidogo kidogo mpaka mwanya wote ujae. Kazi hiyo haina kipimo, ni mkono tu unaojua. Mkono wenye msiba, alisema baba, haushindilii sawasawa. Utaruka mahali padogo kama ukucha, na maji hayahitaji mlango mkubwa. Zamani, kabla mimi sijazaliwa, ndugu yake mmoja aliambiwa kifo cha mtoto wake akiwa katikati ya kazi. Alijikaza, akamaliza, akakabidhi chombo. Kilizama na watu waliokuwa wakitoka sokoni. Tangu siku hiyo ukoo ukaweka sheria.

Yeye mwenyewe sheria ilimkuta. Mama yake alifariki baba akiwa na mtumbwi mkubwa kwenye magogo, na alipoambiwa, kaburi lilikuwa limeshaanza kuota majani. Nilipokuwa msichana nilimuuliza kama hakuchukia. Mimi nilirithi jina la huyo bibi, kwa hiyo baba alikuwa akiniita mama.

"Walinifanyia vizuri, mama," alisema. "Mtumbwi ule unavua mpaka leo."

Niliona hajanijibu, lakini baba si mtu wa kuulizwa jambo mara mbili.

Watoto tuliobaki hai tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mama alitutoka tungali wadogo, na shangazi, dada yake baba, ndiye aliyetufunga mbeleko na kutuchapa. Ilikuwa inajulikana kwamba mdogo wangu ndiye atakayeshika tindo. Hakulishika. Alikuja Mpanda mjini kusoma ufundi wa kuchomelea vyuma, akabaki huku akitengeneza mageti na madirisha. Ukipita Kawajense, ninakoishi, mageti mengi unayoyaona ni ya mkono wake, na hata la kwangu ni lake, lina samaki mgebuka aliyekunjwa kwa nondo. Baba alipokuja kulitazama aliligonga kwa kidole akasema ni kazi safi, isipokuwa chuma hakielei. Alilisema hilo kila alipokuja. Mdogo wangu alikuwa akicheka, ila nilimjua, lilikuwa linamchoma.

Kutoka Mpanda akaenda Dar es Salaam kwenye karakana ya kutengeneza boti za chuma, na huko akapatikana mtu aliyekuwa akitafuta wachomeleaji wa kwenda ng'ambo. Wakamchukua. Nchi yenyewe ni ya baridi, ya watu wasiosalimiana, na kazi ilikuwa kujenga meli ya kitalii, mpya, kubwa kuliko kitu chochote ambacho sisi tumewahi kukiona kikitembea.

Alipoanza kutuma video nilikwenda ziwani makusudi kumwonesha baba, maana kule mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Nilimkuta ufukweni ametandika mkuku, ule ubao wa chini unaobeba mtumbwi wote, juu ya magogo. Alifuta mikono yake yenye mawese, akashika simu kwa vidole viwili kama anayeshika kifaranga. Mle mlikuwa na vipande vya meli, kila kipande kikubwa kuliko nyumba ya ghorofa, vikinyanyuliwa na winchi na kuwekwa juu ya vingine. Kila mahali cheche. Mdogo wangu akatokea amevaa kofia ya kuchomelea, akaifunua, akacheka.

"Baba, chuma kinaelea!" alisema kwenye video.

Baba alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaanza maswali, nami nikawa nayapeleka kwa ujumbe wa sauti na kurudi na majibu. Itabeba nini? Watu. Watu wanakwenda wapi? Hawaendi popote, wanazunguka baharini, wanakula, wanaogelea, wanaangalia michezo, kisha wanarudi pale pale walipopandia. Baba akaona hilo ni jambo la ajabu sana. Mdogo wangu akaongeza kwamba ndani kutakuwa na bustani yenye miti ya kweli.

"Miti?" baba aliniuliza mimi, kana kwamba nimeibuni. "Sie tunakata mti tupate chombo. Wao wana chombo tayari, ndo wanaingiza mti?"

Alilirudia hilo kwa kila aliyepita ufukweni siku ile. Lakini nilipokuwa nikipanda gari kurudi Mpanda alinishika mkono, akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema. Alisema, mwambie mdogo wako na yeye sasa ana chombo kwenye magogo. Kwa kinywa cha baba hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Nilipompigia kumweleza, mdogo wangu aliniomba niyarudie maneno hayo kama baba alivyoyasema.

Mwaka uliofuata baba akaanza kukabwa na ugali. Mwanzo alisema ni vumbi la mbao. Baadaye uji wenyewe ukawa unapita kwa shida, na sauti yake, iliyokuwa ikiwaita wavuvi kutoka mbali majini, ikabaki mkwaruzo. Nikamleta kwangu Kawajense. Hospitalini wakampima, wakatuandikia rufaa ya kwenda kupimwa zaidi kwenye hospitali kubwa, na majibu yaliporudi daktari kijana alinitoa nje ya chumba, akanieleza kwa upole kwamba koo limeshaharibika sana. Wangempunguzia maumivu. Zaidi ya hapo, tumwombe Mungu.

Nilirudi ndani nikiwa nimeshaamua kumpigia mdogo wangu. Baba alikuwa amekaa kitandani amevaa viatu, tayari kuondoka. Aliniangalia usoni, akajua yote mawili, aliloniambia daktari na ninalotaka kulifanya.

"Mama," alisema kwa ule mkwaruzo, "chombo cha mwenzio kiko wapi?"

"Bado wanajenga."

"Kiko kwenye magogo."

"Baba, ile ni meli. Ina wachomeleaji maelfu. Akitoka mmoja..."

"Kila ubao una mwenyewe," alisema. "Atakaporuka yeye, nani atajua? Watu watalala mle na watoto wao. Asiambiwe."

Shangazi, aliyekuwa amekuja kumuuguza, alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilisema wazi kwamba ni ukatili. Nilisema mtoto wa kiume mmoja, baba mmoja, na ndege zipo. Shangazi akanijibu kwamba ndege zipo ndiyo, lakini sheria haikuulizwa kuhusu ndege. Nilikwenda jikoni nikavunja sahani kwa makusudi. Sijutii sahani ile.

Basi tukaanza maisha ya kuficha. Mdogo wangu alikuwa akipiga jioni akitoka kazini. Baba hakuweza kuongea naye, sauti ingemfichua, kwa hiyo nilimwambia mzee yuko ziwani na mtandao haupatikani. Wakati huo huo mzee mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu kwenye kochi, ameinamisha kichwa, anamsikiliza mwanawe kwa spika. Kuna siku mdogo wangu aliimba wimbo wa kusukuma mitumbwi, ule wanaoimba kwetu chombo kinapotolewa kwenye magogo, akasema amewafundisha wenzake kazini, Mfilipino na Mromania, wanauimba wakivuta nyaya. Baba alikuwa anachezesha midomo bila sauti. Ilibidi nijifanye ninakohoa, mdogo wangu asisikie ninalia.

Kila simu ilipokatika, baba aliuliza swali moja. "Bado kiko kwenye magogo?"

Nami kila siku nilikuwa nimeshamuuliza mdogo wangu kama wamemaliza, naye kila siku alinijibu, bado dada, bado sana, kuna vyumba vya abiria, kuna ukumbi wa maonesho, kuna ngazi. Basi nami nilimjibu baba, bado. Hatukuona tatizo. Kwetu mtumbwi ukimalizwa ndiyo siku hiyo hiyo unashuka majini, wanakijiji wanakuja kusukuma, wanawake wanapiga vigelegele, fundi anapanda wa kwanza na kukaa sakafuni aone kama makalio yatalowa. Kumaliza na kushika maji ni asubuhi moja. Mdogo wangu naye alizungumzia siku moja tu, ya uzinduzi, ambapo ingepigwa muziki na kurushwa fataki na meli ingeondoka na abiria wake wa kwanza. Tuliisubiri siku hiyo. Mimi nilikuwa ninaiombea ije haraka kuliko mauti, na nilisali hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Haikuja haraka. Mdogo wangu alisema uzinduzi umesogezwa mbele, majaribio ya injini yamechelewa. Hilo pia halikutushangaza. Injini za boti zetu hujaribiwa ndani ya pipa la maji nyuma ya duka la vipuri, nchi kavu. Nilidhani na wao wana pipa lao kubwa.

Jirani yangu wa Kawajense ni mama wa Kisukuma, wa wale watu waliokuja na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Alikuwa akimletea baba maziwa kila asubuhi, kwa sababu maziwa ndiyo yaliyokuwa bado yanapita. Alipogundua tunalolifanya aliweka kidumu chini.

"Nyie watu wa ziwani mna moyo wa jiwe," aliniambia mlangoni. "Mtoto anafichwa ugonjwa wa baba yake? Kwetu sisi angefuatwa hata angekuwa anachunga porini."

"Mwambie shangazi," nilimjibu.

"Shangazi simwambii. Nakuambia wewe kwa kuwa wewe ndo una simu."

Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa amesema kweli. Simu ilikuwa yangu. Mara nyingi niliandika ujumbe, njoo baba anaumwa, nikaufuta. Ningeweza kuutuma. Kilichonizuia hakikuwa shangazi. Nilikuwa ninamwona baba akimsikiliza mwanawe kila jioni, na nilijua kwamba hilo ndilo lililokuwa likimshikilia hai, kuwa na mtoto fundi, mwenye chombo kwenye magogo. Kwa ujumbe mmoja ningempata mdogo wangu na kumwondolea baba hilo.

Kipindi hicho hicho ilikuja video ya ukumbi wa maonesho. Nakumbuka ilikuwa mchana wa Jumapili, baba ameegemea mito miwili. Ukumbi ulikuwa bado mbichi, kuta za chuma, viti havijafungwa. Mdogo wangu alikuwa akionesha ngazi ya mzunguko aliyoichomelea yeye na wenzake watatu, anazungusha simu taratibu. Kulikuwa na taa ya kazi inayoning'inia kwenye waya mrefu kutoka juu. Baba alitazama hadi mwisho.

"Irudie," alisema.

Nikairudia. Akasema irudie tena. Nikaweka tena, nikamsogezea simu karibu na macho. Safari hiyo hakucheka wala hakusema chochote kuhusu miti. Alilala, akavuta shuka.

"Kazi yake imenyooka," alisema. "Mwacheni amalize."

Baada ya siku hiyo hakuuliza tena kama chombo bado kiko kwenye magogo. Nilidhani ni koo. Maneno yalikuwa yakimgharimu, na alikuwa anayabana kwa ajili ya maji na dawa.

Baba alifariki wakati wa kuvuna mpunga, asubuhi, shangazi akimpangusa uso. Hakuhangaika. Tulikodi gari tukamrudisha Kapalamsenga, njia yote shangazi ameshika upande wa jeneza kwa mkono kana kwamba lingeteleza. Tulimzika juu kidogo ya ufukwe, mahali panapoonekana magogo yake. Mkuku ule niliomkuta akiutandika bado ulikuwa pale, una mbavu chache tu, umekauka na kupasuka kwa jua.

Tulikuwa ndiyo tumetoka makaburini, wanawake wanapakua wali, simu yangu ikaita. Siku hiyo mtandao ulikuwepo, kwa bahati mbaya. Nisingepokea angepiga kwa shangazi, kwa hiyo nilishuka ufukweni nikapokea. Ilikuwa ya video. Akaniona nimejifunga kanga kichwani, macho yamevimba, na nyuma yangu watu wengi.

"Dada, kuna nini huko?"

"Msiba."

"Wa nani?"

Shangazi alikuwa amenifuata. Alisimama pembeni, nje ya kioo cha simu, akanitazama. Sijui nilichokitafuta usoni kwake. Labda ruhusa.

"Mzee mmoja," nilisema. "Hatukumjua sana."

"Aisee. Poleni," akasema mdogo wangu, akavua kofia yake ya kazi. "Wape pole wafiwa. Na baba yupo hapo?"

"Yupo," nilisema. "Yuko kule juu."

"Msalimie. Mwambie tunakaribia."

Nilikata simu, nikakaa kwenye mchanga. Nimezaa, nimezika mume, nimeunguliwa na kibanda changu cha samaki sokoni Mpanda. Hakuna kilichowahi kuniumiza kama kijana yule kuvua kofia kwa heshima ya mzee asiyemjua. Shangazi alikaa karibu nami bila kunigusa. Alinuka ubani. Tulikaa mpaka wakaja kutuita kula.

Uzinduzi ulifika matanga yakiwa yameshaanuliwa zamani. Mdogo wangu alituma video akiwa nyuma ya uzio pamoja na mafundi wenzake, kwa maana wao hawakupewa nafasi ya kupanda. Meli ilikuwa nyeupe, imewaka taa ghorofa juu ya ghorofa, na watu wadogo sana wanapunga mikono kutoka kwenye vibaraza. Fataki zililipuka. Honi ililia sauti nzito iliyofanya simu yangu itetemeke mkononi. Sauti ya mdogo wangu ilikuwa inapaa juu ya kelele. "Mwambie baba imeondoka! Mwambie haijavuja!"

Shangazi alikuwa kwangu. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akaketi kwenye kochi alipokuwa akiketi baba, akanyoosha mkono apewe simu.

"Mwanangu," alimwambia, "chombo chako kimeshika maji. Kaa chini."

Alimweleza kama wazee wanavyoeleza, kwa mfululizo, bila kulia, tangu ugali ulipoanza kukwama hadi udongo. Alimwambia ni agizo la baba mwenyewe. Alimwambia mzee aliyezikwa siku ile alikuwa nani. Upande wa pili bado zilisikika fataki na watu wakishangilia. Kisha mdogo wangu aliuliza jambo ambalo hatukulitarajia.

"Shangazi, mlikuwa mnasubiri nini?"

"Kishike maji. Si leo?"

"Leo?" alisema. "Shangazi, meli ile iko majini tangu mwaka jana."

Shangazi alinipa simu. Mdogo wangu alinieleza mimi, na alieleza polepole, kama mtu anayejifunza mwenyewe anachokisema. Meli ya namna ile haisukumwi. Inajengwa ndani ya shimo kubwa la zege wanaloliita chelezo, na mwili wake ukishaungwa wanafungua maji yanaingia shimoni, usiku kucha, mpaka meli inaelea yenyewe. Kisha inavutwa hadi gatini, inafungwa kwa kamba, na kazi yote ya ndani, vyumba, kumbi, ngazi, inafanyika ikiwa tayari juu ya maji. Yeye siku hiyo alikuwa mapumziko, amelala bwenini. Wakubwa walipiga picha. Hakuona kama ni habari ya kuwaambia, wala hapakuwa na wimbo wala kigelegele. Aliamka akaambiwa kazi imehamia gatini.

"Kabla baba hajaumwa?" nilimuuliza.

"Kabla."

Kwa hiyo sheria yetu wenyewe ilikuwa imeshamruhusu. Siku daktari aliponitoa nje ya chumba, chombo cha mdogo wangu kilikuwa kimeshashika maji na hakikuvuja, na kwa desturi ya ukoo alistahili kukalishwa chini na kuambiwa siku ile ile. Angefika. Angemkuta baba akiwa bado anakunywa maziwa. Shangazi alipoelewa alijifunika kitenge usoni, na ndipo alipolia, kilio cha siku zote alizokuwa amejibana. Sikumfariji. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na sheria, na meli, na yule Mungu niliyekuwa nikimwomba siku ambayo ilikwisha kupita.

Mdogo wangu alirudi kabla mvua hazijaanza. Alifungua geti langu, lile la samaki, akaligusa mahali palipoanza kutu. Tulikwenda Kapalamsenga akaonana na kaburi, akakaa nalo peke yake. Hakutulaumu, na afadhali angetulaumu.

Tuliporudi Kawajense aliniomba simu. Alitaka kuona video alizokuwa akizituma, aone baba alitazama nini. Nilimwekea zote, kuanzia zile za vipande na winchi. Tulipofika kwenye ukumbi wa maonesho akaisimamisha.

"Hii aliiona?"

"Aliiona. Aliniambia niirudie, mara mbili."

Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya ile taa inayoning'inia. Akaruhusu picha iendelee. "Angalia taa," alisema. Nikaangalia. Mdogo wangu kwenye video alikuwa anazungusha simu taratibu, kuta zimetulia, ngazi imetulia, na taa ile mwisho wa waya wake mrefu ilikuwa inakwenda na kurudi, kidogo sana.

"Siku hiyo kulikuwa na upepo, meli inavutana na kamba," alisema. "Chombo kilichoko kwenye magogo, taa haichezi."

Nilisema labda baba hakuona. Macho yalikuwa yamechoka, dawa zilikuwa zinamlevya. Nilisema maneno mengi.

"Dada, mzee yule alikuwa anajua mtumbwi umegusa maji hata akiwa amefumba macho. Aliomba uirudie mara mbili. Alisema nini?"

"Alisema kazi yako imenyooka. Tukuache umalize."

"Na baada ya hapo? Aliuliza tena kama kiko kwenye magogo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Kisha nikakumbuka jioni zote zile nikikata simu, nikimgeukia na jibu langu mkononi, na yeye haulizi.

Mdogo wangu alilia pale pale, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyepewa kitu. Alisema basi baba alijua, na alimwacha amalize kwa hiari yake, siyo kwa kosa letu. Tangu siku hiyo ametulia. Anasema angetaka kuwa fundi wa namna hiyo. Nami ninamwitikia, kwa kuwa ni mdogo wangu na amefiwa.

Mimi sijatulia. Kama baba alijua, basi sheria ilikuwa imekwisha na yeye aliona imekwisha, akajifunika shuka, akaniacha niendelee kumdanganya mwanawe mbele yake jioni baada ya jioni. Alichagua ile ngazi imalizwe kuliko kumwona mwanawe. Au alichagua kufa akiwa na mtoto ambaye bado yuko kazini. Ninampenda, na nimejaribu kumwelewa, na sielewi. Siku ile ufukweni nilimwambia mdogo wangu kwamba amekufa mzee mmoja ambaye hatukumjua sana, na nilidhani ninasema uongo.